Gari Linalochemkia kwa NyaMhango

Jumatatu, 6 Oktoba

Limechemka tena. Kona ile ile! Mlima wa Khondowe una kona kibao, lakini gari langu limechagua moja tu, ya nyumbani kwa akina Mhango, na hapo ndipo linapotapika. Mvuke mpaka kwenye kioo. Nyuma abiria wamejaa, magunia ya usipa mkavu, dagaa wetu wa ziwani, na bibi mmoja mwenye kuku aliyesema kwa sauti ya kanisani kwamba afadhali angempanda kuku wake, angekwisha fika. Wote wakacheka.

Nikafungua boneti. Nikasimama kama daktari. Kichwani sina kitu.

Akatoka NyaMhango, binti wa nyumba hiyo, na ndoo.

Niandike ukweli, kwani haya hayasomwi na mtu: namtamani mwanamke huyu mpaka usingizi unanikimbia. Ni mjane, alirudi kwa mama yake baada ya msiba, anakaanga kahawa ya mlimani na kuwauzia wapita njia. Mikono yake inanukia kahawa. Amenikataza kufungua mfuniko wa rejeta injini ikiwa ya moto, akaniambia nikae kwenye jiwe ningoje. Nikakaa. Akamimina maji kidogo kidogo huku anaimba kwa pua. Ningekaa pale mpaka Krismasi.

Akaniuliza: Kumwenda, kila wiki uko hapa kwetu, unatafuta nini hasa?

Mungu alinifungulia mlango, na dirisha, na geti. Nikajibu: Maji.

Maji! Mjinga mimi.

Halafu akapita Zondwayo Munthali na pikapu lake jipya jekundu, honi ndefu, mkono nje. Akapaza sauti kuuliza kama nimeamua kuhamia pale. NyaMhango akacheka. Alicheka kidogo tu, lakini alicheka.

Azimio: nitalitengeneza gari hili. Limeandikwa Tiyezge kwenye paji la uso, yaani tujaribu, na tutajaribu. Nitaupanda mlima huu bila tone kuchemka, tai shingoni, mshenga kando yangu, na nitafika kwao kama mtu. Si kama birika la chai.


Jumanne, 7 Oktoba

Kwa Mapopa, mwana wa baba yangu mdogo, fundi wa Chitimba nzima na mdomo wa Chitimba nzima. Hagusi spana kabla hajakuhoji. Linachemka likipanda, au hata likisimama? Likipanda. Maji yanapungua? Yanapungua. Yanadondoka chini? Hayadondoki. Moshi mweupe nyuma? Hakuna. Mafuta kwenye maji? Hakuna. Umewahi kutia chochote kwenye rejeta zaidi ya maji?

Nikasema hapana, nikaangalia ziwa.

Hayamhusu. Mwezi wa nane rejeta ilivuja. Kila mtu ana dawa yake: wengine yai, wengine pilipili ya unga. Mimi ni mtu wa ziwani, nimekulia kondowole, sima ya muhogo inayovutika kama mpira. Nikajiuliza: kama inashika tumboni kutwa nzima, tundu la rejeta ni nini? Nikatia unga wa muhogo, vikombe viwili vya kujaa. Ikaziba palepale! Nilijisifu mpaka nikachoka. Sasa nimpe Mapopa siri yangu? Aka.

Mapopa akaukagua mfuniko wa rejeta. Mpira wake umekufa, akasema. Mfuniko usiobana, maji huchemka kabla ya wakati wake. Mwingine hana. Mzuzu ipo mingi.

Mzuzu mbali. Munthali karibu.

Mchana alikuwa sokoni anakula, mgongo kaligeuzia gari lake. Mimi na tambara langu, kama mtu anayefuta vumbi. Kufumba na kufumbua, mfuniko wake kwangu, wangu kwake. Imefanana kama mapacha! Si wizi. Tumebadilishana, ila yeye hajaarifiwa.

Mapopa akaniuliza kwa nini nisimwendee NyaMhango mwenyewe nikasema ninalotaka kusema. Nikamweleza kama mtoto mdogo: mwanamume hajibebei neno lake, neno hubebwa na mshenga. Na nikishatuma mshenga, mama yake ni mkwe wangu, nikikutana naye njiani naingia kichakani. Ndivyo walivyofanya wazee. Akasema wazee hao hao walikuwa wakienda kisimani kuchungulia. Nimempuuza. Ndiye atakayekuwa mshenga wangu, lakini adabu hana.


Jumatano, 8 Oktoba

Balaa juu ya balaa.

Nilijiamini, nikapakia saruji. Gari likachemka mapema kuliko siku zote, kule kona za chini, msituni, ambako hakuna nyumba, hakuna kahawa, hakuna NyaMhango. Nyani tu. Nikachota maji ya kijito kwa kofia. Nyani mmoja alikaa juu ya jiwe akinitazama kwa dharau. Alikuwa na sura ya Munthali.

Hilo ni dogo. Kubwa ni kwamba gari la Munthali nalo limechemka! Wapi? Kwenye kona ya NyaMhango! Bibi wa kuku ndiye aliyeniletea habari, na furaha yake hakuificha. Eti Munthali alikalia jiwe. Jiwe langu! Eti alipewa kahawa, tena ya sukari. Mimi siku zote hizo nimepewa maji, na hayo maji ni ya gari.

Nimeyatengeneza mambo haya kwa mikono yangu mwenyewe. Chakula nimekitazama, nikakirudisha.


Ijumaa, 10 Oktoba

Nilikwenda kuurudisha mfuniko. Asubuhi na mapema, kimya kimya, kabla Munthali hajaamka. Kumbe amelala ndani ya gari. Nimeinama mbele ya boneti, mfuniko mkononi, nikasikia kioo kinashuka taratibu.

Nikasema nilikuwa nakagua tu. Akasema kagua, fundi, kagua, usione haya. Akacheka mpaka akaushika usukani, kisha akauchukua mfuniko wake, akanirudishia wangu. Akasema kinyongo hana, kwani bila mimi asingejua kwamba mlimani kuna kahawa tamu vile.

Halafu akaacha kucheka. Akaniuliza kama nimesikia kwamba NyaMhango anaondoka. Shangazi yake wa Mzuzu amefungua mgahawa na anamtaka. Jumapili ya tarehe kumi na tisa anashuka kupanda basi. Haendi kutembea, anahamia.

Nikasema najua.

Sikujua! Nimerudi nyumbani nikakaa kitandani na viatu vyangu. Kona ile bila yeye ni kona tu, na mlima ule ni mawe. Nitachemkia wapi mimi? Mke wangu wa kwanza alikwenda kuwasalimu wazazi wake Karonga, akaona kwao kuzuri, hakurudi tena, na wala sikuumia hivi. Hii inauma chini ya mbavu, upande wa kushoto. Mapopa anasema ni usipa. Si usipa.

Mshenga aende upesi. Gari lipone upesi.


Jumamosi, 11 Oktoba

Aibu ya mwaka.

Mapopa aliwasha injini akaiacha ishike moto, kisha akaizima. Akaushika mpira wa juu wa rejeta, akaruka: moto. Akaushika wa chini: baridi kama pua ya mbwa. Akaupapasa uso wa rejeta kwa kiganja. Hapa moto, akasema. Hapa baridi. Hapa baridi. Hapa baridi. Maji hayapiti.

Kwanza akataka kuwa na hakika si thamostati, kile kilango kinachofungua maji yakipata moto. Akaitoa, akaichemsha kwenye sufuria ya mkewe, NyaKaunda. Ikafunguka vizuri. NyaKaunda naye akafunguka. Sufuria ilikuwa ya maharage ya wageni.

Basi akaifungua rejeta yenyewe, akaipiga maji ya nguvu kwa mpira. Yakatoka maji ya kutu. Kisha kimya. Kisha ikatoka. Kijivu, ndefu, inavutika, haikatiki! Mapopa akaishika kwa mikono miwili akawa anarudi kinyumenyume nayo, na yenyewe inazidi kuja. Wanawake wa soko la samaki wakaacha samaki wao. Mmoja akauliza kitoweo kiko wapi. Mwingine akasema kondowole ya Kumwenda imeiva, kilichobaki ni mke wa kumpakulia.

Mapopa akanitazama. Nikaangalia ziwa.

Mficha uchi hazai, kaka, akasema. Nikamwambia kama ningesema ningechekwa. Akanyoosha mkono kunionyesha soko, ambalo lilikuwa limekaa chini kwa kicheko.

Nusu ya vijia vya rejeta havitazibuka tena. Inatakiwa rejeta nyingine, na nyingine hatuna. Lakini mafundi wana hila yao: ukiwasha hita, inalivuta joto la injini na kulimwaga ndani, kwa wanaopanda. Kwa hila hiyo, Mapopa anasema, gari linaweza kupanda mara moja, tupu, bila kusimama njiani.

Bila kusimama. Nililisikia neno hilo. Sikulitafuna.


Jumatatu, 13 Oktoba

Kutwa nimemfundisha Mapopa la kusema kwa akina Mhango. Aseme mimi ni mtu wa bidii. Akauliza aseme bidii gani. Aseme mimi si mlevi. Akakubali, hilo alilijua. Aseme ni mtulivu, sina hila. Hapo akaomba maji ya kunywa.

Bibi wa kuku nilimwagiza aninunulie kahawa ya NyaMhango. Kaniletea kifuko, na maneno mengi juu yake. Kahawa mimi sinywi, inanipa mapigo ya moyo. Nainusa tu. Nimekiweka kifuko kando ya mto.


Jumanne, 14 Oktoba

Siku ya mshenga! Joto la Oktoba, hata mbuzi wamelala. Mapopa koti jeusi, tai, kofia. Mimi tai. Vioo juu, kwa sababu ya vumbi. Hita mpaka mwisho.

Kona za kwanza Mapopa alikuwa anaimba tenzi. Kona zilizofuata alikuwa anasali. Baada ya hapo alinyamaza akawa anayeyuka. Sindano ya joto ikapanda, ikasita, ikakaa. Ilikaa! Nilitaka kuibusu.

Tukaikaribia kona yake. Mapopa akauliza nitasimama wapi. Nikamwambia sisimami, nikisimama linachemka. Akauliza sasa yeye atashukaje. Nikamwambia nitapunguza mwendo, yeye aruke. Akaniuliza kama nimewahi kumwona mshenga akiingia kwa watu anabiringita. Akanitukana mimi na rejeta yangu, na koti lake jeusi lilikuwa linatoa mvuke.

Na yeye alikuwa pale. NyaMhango. Alikuwa amelisikia gari tangu chini, kama kawaida, akatoka na ndoo imejaa, kilemba cheupe kichwani, amesimama ukingoni mwa barabara. Nikapiga honi. Nikampungia mkono. Nikapita! Nilitaka aone kwamba sichemki. Nilitaka aone kwamba mimi si mtu wa kusaidiwa kila siku. Kwenye kioo cha pembeni nikamwona anaiweka ndoo chini taratibu, anabaki anatazama vumbi letu.

Kifua kilinibana wakati ule ule niliposhinda. Labda hita.

Juu kwenye tambarare nikasimama. Mapopa akarudi chini kwa miguu, koti begani, hakunitazama. Mimi nilibaki nyuma ya duka, adabu ya mkwe. Nilisubiri mpaka nikahesabu mabati ya duka zima.

Akarudi. Habari! Baba yake mkubwa NyaMhango amepokea, mdomo umefunguliwa. Mama mtu hana neno. Lakini NyaMhango alimwita Mapopa pembeni akamwambia: mwambie Kumwenda kwamba nilisimama na ndoo. Kama ana neno, alilete mwenyewe, kwa miguu yake, kabla ya Jumapili. Mama nimemwomba ashinde shambani siku zote hizi, mkwe asipate taabu ya kuingia kichakani. Akija akaniambia baki, nabaki.

Akaniambia baki, nabaki! Nilimrudisha Mapopa kwenye maneno hayo mara nyingi mpaka akatishia kushuka na kutembea.


Jumatano, 15 Oktoba

Sikulala, kwa furaha. Tangu asubuhi nafanya mazoezi. Baki. Baki, NyaMhango. Nimelisema mbele ya kioo, nimelisema mbele ya mbuzi. Linatoka vizuri sana.

Tatizo ni miguu. Njia za mkato zipo, watu wa juu huzipita kila siku na mizigo kichwani. Lakini hebu fikiria: mtu mwenye gari afike anahema, vumbi mpaka magotini, viatu mkononi kama mchukuzi! Atasema gari limemshinda. Munthali atasema gari limemshinda. Mwanamke akisema uje kwa miguu, maana yake anapima kama una gari. Wanawake nawajua.

Mapopa kaniuliza nimewajulia wapi.

Uamuzi: rejeta nyingine. Nasikia Chilumba kuna pikapu kama langu, limekufa zamani, kuku wanataga ndani. Muda upo. Jumapili bado.


Ijumaa, 17 Oktoba

Rejeta nimeipata! Jana nzima ilikwenda kwa kuku. Mwenye lile gari, mzee Msowoya, alikataa kata kata tuguse chochote, kwa kuwa kuku wake anaatamia juu ya injini, na kuku akishtuka atayasusa mayai. Tukangoja kuku ainuke kwenda kula. Hakuwa na njaa. Nilikaa na kumtazama macho kwa macho, na nakiri nilimwonea wivu: anakijua anachokisubiri, na amekikalia. Mzee Msowoya aliniuliza kama nina mke. Nikasema karibu. Akasema karibu si mke.

Leo tumeifunga. Haiingii! Ni pana. Mapopa amekata chuma, amefunga kwa waya, amewasha. Feni inagusa. Tak tak tak tak. Ameifungua tena bila kusema chochote, na mtu wa maneno akinyamaza ujue amechoka nawe.


Jumamosi, 18 Oktoba

Feni haigusi tena. Tumetia maji safi, tumeitoa hewa. Na mfuniko mpya! Munthali ndiye aliyeuleta kutoka Mzuzu, akanikabidhi bila kucheka, na hilo limeniudhi kuliko kicheko chake chote. Akasema anapanda mlima mchana, kiti cha mbele ni kitupu, atanishusha chini kidogo ya kona nimalizie kwa miguu, hakuna atakayejua. Nimwendee mwanamke wangu ndani ya gari la Munthali! Nikakataa kwa heshima. Heshima haikuwa nyingi.

Mapopa naye akanishika bega. Anza sasa, kaka, akasema, kwa njia za mkato utafika jua lingali juu. Gari niachie. Ngoja ngoja huumiza matumbo. Nikamjibu haraka haraka haina baraka. Akasema zote mbili ni za wazee, chagua moja. Nimechagua yangu.

Kwani pampu ya maji imeanza kulia. Mlio mwembamba, unasikika ukitega sikio. Siwezi kumpelekea NyaMhango gari linalolia. Kesho alfajiri tunaifungua pampu, asubuhi niko kwake, na basi la Mzuzu halipiti mpaka mchana. Nimepiga hesabu zote. Shati nimelipiga pasi.

Kabla ya kuingia ndani nilitazama mlimani. Moshi mwembamba unapanda usawa wa kona yake. Labda anakaanga kahawa. Baki, nikasema kwa sauti. Jirani akaniuliza nasema na nani.


Jumapili, 19 Oktoba

Pampu haikutoka alfajiri. Bolti moja ilikuwa imeoza. Nilikuwa chini ya gari, maji machafu yananidondokea shingoni, nikaona miguu. Viatu vya kanisani, na kando yake sanduku.

NyaMhango!

Akainama akanichungulia kule chini. Akasema mtaka cha mvunguni sharti ainame, haya, nimeinama. Ameshuka kwa njia za mkato tangu kulipopambazuka. Vumbi mpaka magotini, jasho usoni, na maishani mwangu sijaona mtu mzuri vile. Akasema alikaa barabarani siku zote hizo, na jana zaidi. Mama yake amelima shamba mpaka udongo umechoka. Basi, Kumwenda, akasema. Niko hapa. Una neno?

Neno nilikuwa nalo! Lilikuwa mdomoni, limeiva. Lakini nilisemeje vile, nimelala chali, oili usoni, shati la pasi liko nyumbani, soko zima linatazama, na Mapopa amesimama na spana kama shahidi wa kesi? Jambo kubwa lina mahali pake. Nikatoka nusu, nikamweleza kwa utaratibu. Pampu inaingia leo. Kesho nalijaribu. Alhamisi gari ni zima kabisa. Arudi nyumbani juu, anisubiri palepale kwenye kona, na Alhamisi nitakuja kumwambia kwa heshima, tai shingoni.

Akasema: lakini mimi niko hapa.

Nikamwambia hapa si mahali pake.

Akalitazama sanduku lake. Kisha akacheka, kicheko kirefu, mpaka machozi yakamtoka, na mimi nikafurahi kwamba nimemchekesha. Akashika pembe ya kitenge chake akanifuta oili shavuni. Polepole. Kiganja kinanukia kahawa. Nilitaka dunia isimame hapo hapo. Akasema mgahawa wa shangazi uko nyuma ya soko kuu la Mzuzu, na basi linapita hapa kila siku. Kila siku, Kumwenda, akarudia.

Basi likaja. Munthali ndiye aliyempandishia sanduku. Mimi nilikuwa nimeikamata pampu kwa mikono miwili, ningeiachia ingechana gasketi. Nilimpungia kwa kichwa.

Mapopa alikaa juu ya tairi, akavua kofia. Aliyesema ni NyaKaunda, toka jikoni kwake, na hayo siyaandiki.

Hawaelewi hawa. Amenifuta shavu mbele za watu! Mwanamke anayekukimbia hakuelekezi anakokwenda. Na ile habari ya basi nimeielewa vizuri, ananipima. Mimi mwenye gari nipande basi? Nitamfuata Mzuzu kwa gari langu mwenyewe. Alasiri pampu ikaingia, nikawasha, nikaiacha injini ingurume, nikakaa mbele ya sindano ya joto bila kupepesa. Haikutikisika! Gari limepona. Halichemki tena, popote.

Ila njia ya Mzuzu inapita mlima wa Chiweta, kupanda na kuteremka, na breki zangu siku hizi sizipendi zinavyoshika. Nimemwambia Mapopa kesho tuanze na breki.